Kamera Ndogo ya Safari: Chagua kwa Kuangalia Unakokwenda

Kabla hujatoa hata shilingi, ijaribu simu uliyonayo. Wengi hununua kamera ndogo, wakaibeba safari moja, kisha ikalala kabatini kwa sababu simu ilikuwa inafanya kazi ileile. Kamera ya pili inastahili kubebwa pale tu inapokupa picha ambayo simu haikupi, tena picha unayoitaka kweli. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua simu yako inashindwa wapi.

Jaribio la simu

1. Jua linapokuchwa, mpige picha mtoto anayekimbia uani. Ifungue na uikuze hadi uso wake ujae kioo. Kama kope na nywele zimeyeyuka, simu inashindwa na giza na mwendo.
2. Tafuta ndege juu ya mti au mbuzi aliye hatua 40 kutoka ulipo. Mvute mpaka ajae kwenye kioo, umpige. Kama manyoya yamekuwa madoa ya rangi, simu inashindwa na umbali.
3. Saa saba mchana, simama juani na jaribu kupanga picha. Kama unaona uso wako mwenyewe kwenye kioo badala ya mandhari, tatizo lako ni mwanga mkali.
4. Siku moja piga picha nyingi na video kama vile uko safarini, huku ukitumia ramani na kupokea simu. Ikizima kabla ya magharibi, kumbuka kwamba safarini ndiyo iliyobeba tiketi yako, pesa zako na namba za wenyeji wako.

Kama imefaulu yote manne, hela hiyo itumie kuongeza siku moja ya safari. Kama imeshindwa jaribio la nne peke yake, pauabenki inatosha. Kama ni la tatu, tazama habari ya tundu la kuchungulia hapo chini. Ikiwa imeshindwa la kwanza au la pili, endelea kusoma, na andika mahali ni lipi kati ya hayo mawili linalokuuma zaidi. Jibu hilo ndilo litakaloamua karibu kila kitu kinachofuata.

Kwa nini huwezi kupata vyote

Ndani ya kamera kuna sensa, kile kibapa kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Sensa ni kama beseni lililowekwa mvuani: kubwa hukinga mengi, dogo hukinga machache. Mwanga ukiwa haba, sensa ndogo hulazimika kukuza kidogo ilichopata, na hapo ndipo zile chengachenga na nyuso zilizofifia hutokea.

Kamera nyingi ndogo zenye lenzi ya kuvuta mbali sana zina sensa ya inchi 1/2.3, yenye milimita 6.2 kwa 4.6 hivi. Sensa inayoitwa ya inchi 1 ina milimita 13.2 kwa 8.8, yaani eneo lake ni mara nne. APS-C, ambayo hutumika pia kwenye kamera kubwa za kubadilisha lenzi, ina takribani milimita 23.5 kwa 15.6, mara tatu tena ya ile ya inchi 1. Jina lisikupoteze: sensa ya inchi 1 haifikii inchi kwa upande wowote. Linganisha milimita.

Mbona basi wasitie sensa kubwa kwenye kila kamera ya mfukoni? Kwa sababu sensa ikikua, lenzi nayo lazima ikue. Mfano mzuri ni kamera mbili za Sony zenye sensa ya inchi 1. RX100 VII ya mwaka 2019 inavuta hadi 200 mm na ina uzito wa gramu 302. Inaingia mfuko wa shati. RX10 IV ya mwaka 2017 inavuta hadi 600 mm, lakini ina zaidi ya kilo moja na inataka mkoba wake peke yake. Unapokutana na kamera ya mfukoni inayojisifu kwa kuvuta mara 30 au 40, jua kwamba sensa yake ni ile ndogo kabisa, na usiku haitaishinda simu nzuri ya leo, kwa kuwa simu nyingi za bei ya juu sasa zina sensa kubwa kuliko hiyo.

Kwa hiyo una mambo matatu mkononi: mwanga, umbali na wembamba. Chagua mawili.

Hesabu ya kujua unahitaji kuvuta kiasi gani

Watengenezaji huandika uwezo wa lenzi kwa milimita, mfano 24–200 mm. Namba ndogo huonyesha eneo pana, namba kubwa huleta karibu. "Mara 30" ni namba kubwa kugawanya kwa ndogo tu; haikwambii lenzi inaanzia wapi wala inafika wapi. Tumia milimita, kwa hesabu hii rahisi:

> Umbali kwa mita × 36 ÷ milimita za lenzi = upana wa eneo litakaloingia kwenye picha, kwa mita

Chukua simba dume aliyelala mita 40 kutoka kwenye gari. Serengeti dereva haruhusiwi kuacha njia ili amsogelee mnyama, kwa hiyo umbali huo ni wa kawaida kabisa. Bila mkia, simba huyo ana urefu wa mita 2 hivi.

- Kwa 24 mm, ambayo ni karibu na lenzi kuu ya simu nyingi, picha inachukua mita 60 za nyika. Simba ni nukta.
- Kwa 70 mm, mita 20 na ushei. Unamwona, lakini itabidi umwonyeshe mtu kwa kidole.
- Kwa 200 mm, mita 7.2. Anachukua zaidi ya robo ya picha, pamoja na majani yanayomzunguka. Hiyo ni picha ya kutundika ukutani.
- Kwa 360 mm, mita 4. Anajaza nusu.
- Kwa 720 mm, mita 2. Anajaza picha nzima, kutoka pua hadi shina la mkia.

Sasa fanya hesabu hiyo kwa safari yako. Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar zinakubana hadi hatua chache, na huko 24 mm au 28 mm ndiyo utakayoishi nayo. Heroe wa ziwani wanahitaji namba kubwa. Harusi ya binamu yako Muscat haihitaji zaidi ya 70 mm, ila inahitaji mwanga.

*Angalizo:* namba zilizochongwa kuzunguka lenzi yenyewe si hizi. Kwenye RX100 VII utasoma 9.0–72 mm, ingawa uwezo wake ni sawa na 24–200 mm. Tumia zile zilizoandikwa kwenye maelezo ya kamera kuwa "sawa na 35 mm", na hapo ndipo hesabu itakubali. Pia, muuzaji akikutajia "zumu ya dijitali", mwache aseme. Huko ni kukata kipande cha picha na kukikuza, jambo unaloweza kulifanya nyumbani kwa simu.

Namba ya f: usiipite

Pembeni ya milimita utaona kitu kama f/1.8–2.8 au f/3.3–6.4. Namba ya kwanza ni uwazi wa lenzi ikiwa haijavutwa, ya pili ni ikiwa imevutwa hadi mwisho. Namba ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi. Lenzi yenye f/1.8 huingiza mwanga takribani mara 12 kuliko yenye f/6.4. Ndiyo maana kamera ya kuvuta mbali inafanya vizuri mchana wa mbugani, lakini Forodhani ya Zanzibar usiku, penye taa za wauza mishikaki tu, watu wanatoka na ukungu.

Aina nne, na nani anahitaji ipi

*Ya kati.* Sensa ya inchi 1, lenzi ya 24–200 mm hadi 24–360 mm. Humu zimo Sony RX100 VI na VII, na Panasonic inayouzwa kwa jina la TZ200 au ZS200 kutegemea nchi. Mtu akiniuliza achukue nini kwa safari moja yenye Ngorongoro na Zanzibar pamoja, nitamwelekeza hapa bila kusita. Haiongozi kwa umbali wala kwa usiku, lakini hakuna siku ya safari itakayokuacha mikono mitupu. Tena zote tatu zina tundu la kuchungulia, ambalo juani ni mkombozi: unaweka jicho, mwanga wa nje unazuiwa, unaona unachopiga.

*Ya mwanga.* Sensa ya inchi 1 au APS-C, lenzi fupi lakini iliyo wazi. Canon G7 X Mark III ina 24–100 mm na f/1.8–2.8, ila haina tundu la kuchungulia. Sony RX100 III ya mwaka 2014 bado ni kamera ya kuaminika ukiipata nzima. Ricoh GR III haivuti kabisa. Ina lenzi moja ya 28 mm, sensa ya APS-C, na uzito wa gramu 257 tu. Fujifilm X100VI nayo ina lenzi moja, ya 35 mm, lakini ina gramu 521: ni ya begani, si ya mfukoni. Hizi ni za wapenda mitaa, nyuso, vyakula na sherehe. Usiende nazo kutafuta chui.

*Ya umbali.* Sensa ya inchi 1/2.3, lenzi hadi 720 mm au 960 mm: Panasonic TZ95, Sony HX99, Canon SX740 HS. Bei yake huwa ya chini kuliko ya kati. Kama safari yako ni wanyama na ndege, na jua lipo, itakufurahisha. Jioni irudishe mfukoni, toa simu.

*Ya maji.* Olympus TG-6 na OM System TG-7 zinazama hadi mita 15 bila kifuniko cha ziada na zinavumilia kuanguka. Picha zake za nchi kavu ni za kawaida. Inunue kama unakwenda Mnemba au Watamu kuangalia samaki, au kama kazi yako ni ya mashua. Kila mara hakikisha mpira wa mlango wa betri hauna chembe ya mchanga, na ukitoka baharini isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla hujafungua kitu.

Ukifika dukani

Iwe Kariakoo, Luthuli Avenue ya Nairobi au Deira kule Dubai, usinunue kwa kuangalia boksi. Omba kamera itiwe betri, kisha fuata hatua hizi:

1. Itie mfukoni mwa suruali au kwenye mkoba utakaovaa safarini. Kaa chini. Kama inakukera sasa, siku ya tatu utaiacha hotelini.
2. Izime, kisha iwashe na upige picha haraka uwezavyo. Nyumbu anayeruka mtoni hakusubiri.
3. Ishike kwa mkono mmoja. Kidole gumba kina mahali pa kukaa? Kamera nyembamba zenye mwili laini huteleza. Ambatisha kamba ya kiganjani siku hiyohiyo.
4. Vuta lenzi hadi mwisho na umpige picha mtu aliye upande wa pili wa barabara. Rudia mara tano. Angalia ni ngapi zimetulia.
5. Angalia inachajiwaje. Itakayochajiwa kwa waya wa USB betri ikiwa ndani yake utaichaji kwa pauabenki hata hemani.
6. Uliza waranti inafanya kazi nchi gani. Kamera ya bei nzuri kutoka ng'ambo mara nyingi ina waranti ya huko ilikotoka, na ikiharibika itakubidi uirudishe huko. Dai risiti yenye namba ya kamera.

Megapikseli usizihangaikie. Milioni 20 zinatosha kuchapisha picha kubwa ya sebuleni.

Iliyotumika: kagua hivi

Kamera ndogo nzuri zilizotumika zipo nyingi, na nyingine ni za thamani kweli. Lakini zina udhaifu mmoja ambao wauzaji hawautaji. Lenzi inayotoka na kurudi huvuta hewa kila inapotoka, na hewa hiyo huja na vumbi. Kwenye kamera kubwa unafungua lenzi na kupuliza. Kwenye hii lenzi haifunguliwi. Vumbi likishakaa juu ya sensa, fundi lazima aifumue kamera nzima, na si kila fundi wa simu anaweza kuirudisha ilivyokuwa. Kamera iliyofanya misimu kadhaa kwenye barabara za vumbi jekundu ina hadithi yake ndani.

Jinsi ya kulisoma vumbi hilo:

1. Weka kamera kwenye hali ya A, halafu chagua namba ya f iliyo kubwa kuliko zote, f/8 au f/11.
2. Piga picha ya ukuta mweupe au anga lisilo na mawingu. Rudia lenzi ikiwa katikati, kisha ikiwa imevutwa hadi mwisho.
3. Kuza kila picha kwenye kioo na uipitie pole pole, pembe hadi pembe. Doa la kijivu lenye kingo laini likijitokeza mahali palepale kwenye picha zaidi ya moja, ni vumbi la ndani. Kufuta kioo cha mbele hakutaliondoa.
4. Sasa tega sikio. Washa na zima mara kumi. Lenzi nzima hutoka kwa mlio mmoja laini. Mkwaruzo, kusita, au kutoka upande ni dalili ya mchanga au ya kuanguka. Ikikuandikia kosa la lenzi hata mara moja, ondoka.
5. Toa betri, iweke juu ya meza ya kioo. Ikizunguka ukiigusa, imevimba.
6. Fungua menyu, tafuta lugha. Kamera za Sony zilizouzwa kwa soko la Japani mara nyingi zina Kijapani peke yake, na haibadiliki. Mitumba mingi inatoka huko, kwa hiyo hili lisikose kuangaliwa.

> Makosa yanayowagharimu wengi
> - Kutumia hela yote kwenye kamera, ikakosekana ya betri ya pili. Kamera hizi huchoka haraka: GR III imekadiriwa picha 200 kwa chaji, RX100 VII karibu 260.
> - Kununua kamera siku moja kabla ya safari.
> - Kununua kadi ya memori kwa muuza barabarani. Kadi feki hujitangaza kuwa na GB 128, kumbe ina 8. Picha zinazozidi hapo zinapotea bila onyo. Ijaze nyumbani kwa programu ya kupima kadi, H2testw kwa Windows au F3 kwa Mac na Linux.
> - Kadi moja kubwa kwa safari nzima. Mbili za GB 64 ni salama kuliko moja ya 128.

Vumbi, chumvi, unyevu na baridi

Mbugani, usiache lenzi imetoka gari linapotembea. Zima, funika kwa kitambaa au kanga, washa mkisimama. Mwombe dereva azime injini kabla ya kupiga, na laza kamera juu ya kifuko cha mchele kwenye dirisha. Mtetemo wa injini huharibu picha za mbali kuliko mkono wako.

Pwani adui ni mvuke. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi na kuingia joto la Zanzibar, lenzi hufunga ukungu papo hapo, na unyevu huo huingia ndani. Iache kamera kwenye begi lililofungwa kwa karibu nusu saa kabla ya kuitoa. Usihesabu kupata mfuko wa plastiki njiani: Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, Kenya 2017, Tanzania Bara Juni 2019. Nunua mfuko wa kukunja mdomo usiopitisha maji, au kopo lenye mfuniko unaobana, na weka ndani vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Kilimanjaro, betri ya ziada ikae kifuani chini ya koti, na usiku ilale nawe ndani ya mfuko wa kulalia. Baridi huifanya ionekane imekwisha. Ikipata joto hurudisha sehemu ya chaji.

Orodha ya wiki moja kabla ya kuondoka

☐ Nimepiga picha za kutosha kujua vitufe gizani.
☐ Tarehe na saa ni sahihi kwenye kamera.
☐ Betri mbili zimejaa. Za akiba ziko kwenye begi la mkononi, kwa kuwa ndege haziruhusu betri za akiba za lithiamu kwenye mzigo unaokwenda chini. Ncha zake zimefunikwa.
☐ Adapta ya soketi ipo. Tanzania, Kenya na Uganda hutumia pini tatu bapa. Rwanda na Burundi ni pini za mviringo.
☐ Nimeandika namba ya kamera mahali pengine, pamoja na picha ya risiti.
☐ Najua nisipopaswa kupiga: kambi za jeshi, vituo vya polisi, ikulu, mipaka. Na mtu huombwa kabla hajapigwa picha, hata akiwa sokoni.
☐ Nimejaribu kuhamisha picha kutoka kamera kwenda simu. Safarini nitafanya hivyo kila usiku, na kadi yenye picha itakaa mwilini mwangu, si kwenye begi la kamera.